Lita Moja ya Maji: Historia ya Vita Dhidi ya Vikope Kongwa



Kila mwaka kijarida hiki cha mchango hubeba taarifa ya fedha, picha za kazi zilizofanyika na shukrani kwa waliochangia. Safari hii, pamoja na hayo, tunaweka historia fupi ya kazi moja ya afya iliyofanyika kwetu kwa takriban miaka arobaini. Ni kazi ya kupambana na trakoma, maradhi ambayo wengi wetu tuliyakuta nyumbani yakiitwa ugonjwa wa vikope.

Tuna sababu mbili za kuyaandika haya. Ya kwanza ni kwamba jina la Kongwa limeandikwa katika majarida na vitabu vya tiba ya macho duniani kote, na vijana wetu wengi hawalijui hilo. Ya pili inahusu mfuko wetu. Katika historia hii kuna somo juu ya namna ya kutumia shilingi tunayochanga, na somo lenyewe lilipatikana katika nyumba za vijiji vyetu, kwa akina mama waliokuwa wakigawa ndoo moja ya maji kwa matumizi kumi.

UGONJWA WENYEWE

Trakoma huletwa na bakteria wanaokaa ndani ya kikope, hasa cha mtoto mdogo. Jicho huwa jekundu, huwasha na kutoa tongotongo. Bakteria hao husafiri kwa vidole, kwa pembe ya kanga inayofuta nyuso za watoto watatu mfululizo, na kwa nzi anayetua usoni kwa mmoja kisha kwa mwingine. Mtoto akiambukizwa mara moja anaweza kupona bila kubaki na dosari. Hatari ni kuambukizwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Kila ambukizo huacha kovu dogo upande wa ndani wa kikope. Makovu yakizidi, kikope hujikunja kuelekea ndani, na kope huanza kusugua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa.

Hapo ndipo maumivu yanapoanza, na mara nyingi mtu anakuwa amekwisha kufika utu uzima. Wengi huzing'oa kope hizo kwa kibano, nazo huota tena zikiwa fupi na ngumu. Mwishowe kioo cha jicho huwa cheupe na mtu hupoteza uwezo wa kuona. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto, kuwabeba, kuwalisha na kulala nao. Kwa maneno mengine, mama hupata upofu wa uzeeni kutokana na watoto aliowalea.

Mazingira yetu yaliupa ugonjwa huu nafasi. Kongwa ni nchi kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na zikichelewa kila kitu huchelewa. Kiangazi kikikolea, upepo hubeba vumbi na mama huamka usiku kuwahi kisima. Sisi ni wafugaji pia, na penye zizi nzi hawakosekani. Maji yakifika nyumbani kuna ugali wa kusonga, mlenda wa kupika, ndama wa kunyweshwa na mgeni wa kukaribishwa. Uso wa mtoto husubiri.

WAGENI WALIOTANGULIA

Kabla ya kuja kwa watu wa macho, Kongwa ilikuwa imekwisha kuona mipango mikubwa kutoka mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mamia ya Wazungu kuja kulima karanga. Vita vilikuwa vimekwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na waliopanga waliona eneo kubwa lenye watu wachache. Mpango haukuuliza kwa nini watu ni wachache. Wazee wetu wangeweza kujibu: maji. Udongo ulikauka ukawa kama saruji, vyuma vya kulimia vikavunjika, mvua zikagoma. Mapema mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Hata reli iliyojengwa kuja Kongwa iliondolewa baadaye.

Katika miaka ya 1960 tukapokea wageni wa namna nyingine, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA na ZAPU walikuwa na kambi zao hapa, na wenyeji waliishi nao kama jirani. Kwa hiyo Kongwa ilikuwa na uzoefu wa wageni wa aina mbili: waliokuja na jibu kabla ya kuuliza swali, na waliokuja wakakaa na watu. Tukumbuke tofauti hiyo tunapoendelea.

MWAKA 1986: KUHESABU

Katikati ya miaka ya 1980, Kongwa ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, wataalamu wa macho wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore, Marekani, walianza kupita vijijini. Miongoni mwa waliotoka Baltimore walikuwapo Hugh Taylor, daktari wa macho kutoka Australia, na Sheila West, mtaalamu wa kufuatilia mwenendo wa magonjwa katika jamii. Fedha nyingi za mwanzo zilitoka kwa mfuko wa hisani wa Kimarekani, Edna McConnell Clark Foundation, na shirika lisilo la kibiashara la Helen Keller International nalo lilishiriki. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi ambao wataalamu duniani wanaujua kwa jina la Kongwa Trachoma Project.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Mpimaji alikaa na mtoto nje, penye mwanga, akakipindua kikope cha juu na kukitazama kwa lenzi. Katika vijiji vilivyopimwa mwaka 1986, zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na ugonjwa huo. Kwa wanawake wazee, kope zilizogeukia ndani zilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba familia nyingi zilizichukulia kama sehemu ya uzee, sawa na mvi.

Hesabu hizo zilifanya jambo ambalo malalamiko peke yake hayafanyi. Ugonjwa uliokuwa wa kawaida ukawa na namba, na namba ikaweza kulinganishwa na ya mwaka mwingine. Tangu hapo kila mafanikio ya Kongwa, na kila kurudi nyuma, kumeweza kupimwa. Tuliozoea kusoma taarifa za mwaka zenye maneno kama "hali inaendelea vizuri" tuna la kujifunza hapo.

LITA MOJA

Swali lililofuata lilikuwa hili: je, shida ni uhaba wa maji? Jibu la haraka lilikuwa ndiyo, na wanakijiji wenyewe walisema hivyo. Lakini watafiti walipolinganisha kaya na kaya, waliona jambo la kushangaza. Wingi wa maji yaliyoingia nyumbani peke yake haukueleza nani anaugua na nani haugui. Zilikuwapo nyumba zenye maji machache na watoto wenye nyuso safi, na nyumba zenye maji mengi kidogo na watoto wenye tongotongo. Kilichotofautisha kilikuwa uamuzi: maji yakifika, yanafanya nini kwanza?

Basi wakakaa na watu, wakasikiliza. Akina mama walieleza kwamba kuosha nyuso za watoto kila siku ni anasa kwa mtu anayefuata maji mbali. Waliamini kazi hiyo inahitaji maji mengi. Kukawekwa mchezo wa wazi: chukueni lita moja, tuone ni nyuso ngapi zitaoshwa. Watoto wakajipanga. Maji yalimiminwa kidogo kidogo, na lita moja ikaosha nyuso zaidi ya 30.

Tuitafakari namba hiyo. Nyumba yenye watoto watano inaweza kuosha nyuso zote, asubuhi na jioni, kwa maji yasiyofikia nusu lita. Hakuna mama aliyehitaji kuongeza safari ya kisimani. Hakuna aliyehitaji kungoja bomba la serikali ili aanze. Na jambo hilo halikuthibitishwa na mtu kusoma hotuba, lilithibitishwa na wanakijiji kwa macho yao wakihesabu nyuso.

Hata hivyo, kujua peke yake hakukutosha. Mazungumzo yaleyale yalionyesha kwamba mama hakuwa mwamuzi pekee wa maji na wa muda wake. Baba alikuwa na neno, bibi alikuwa na neno, na majirani walikuwa na macho. Mama akianza peke yake desturi mpya, watu huuliza anajifanya nani. Ndiyo maana mradi ukaacha kuwafundisha akina mama pembeni kama wanafunzi watoro, ukaanza kuitisha mikutano ya kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto wa shule. Kijiji kikikubaliana pamoja kwamba uso safi ni heshima ya kaya, mama hana tena wa kumwogopa. Baba naye, akiulizwa mkutanoni mbele ya wenzake, hawezi kusema hayamhusu.

Baada ya hapo kukafanyika jaribio ambalo ndilo lililoipa Kongwa jina. Vilichukuliwa vijiji sita. Katika vyote sita watoto walipewa dawa ya macho ya mafuta ya tetrasaiklini kwa siku 30. Katika vitatu kati ya hivyo ikaongezwa kampeni ya kuosha nyuso, kwa mikutano, michezo na kufuatana nyumba kwa nyumba. Katika vitatu vingine haikuongezwa. Baada ya mwaka mmoja, vijiji vya kampeni vilikuwa na watoto wengi zaidi wenye nyuso safi, na trakoma kali ilikuwa imepungua humo kuliko katika vile vingine. Watoto ambao kila walipotembelewa walikutwa na uso safi ndio waliokuwa salama zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika The Lancet, mojawapo ya majarida makongwe ya utabibu duniani.

Ugonjwa haukuisha. Tusitie chumvi. Lakini kwa mara ya kwanza dunia ilipata ushahidi wa jaribio kwamba kunawa uso kunapunguza ukali wa trakoma, na ushahidi huo ulitoka kwenye nyuso za watoto wa Kongwa. Katika mwongo huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mkakati wa mambo manne: upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso, na mazingira bora yenye maji na vyoo. Mkakati huo ndio unaotumika hadi leo katika kila nchi yenye ugonjwa huu. Ukimwona mtoto wa Ethiopia au Niger anafundishwa shuleni kunawa uso, ujue kuna mama wa Kongwa aliyetangulia kuonyesha kwamba inawezekana.

DAWA ILIPOFIKA

Dawa ya mafuta ilikuwa na taabu zake. Inapakwa kwa wiki nyingi, inaunguza kidogo, mtoto analia, na mama ana kazi. Kisha ikapatikana azithromaisini, dawa ya kumeza mara moja tu. Mwaka 1998 kampuni ya dawa ya Pfizer na Edna McConnell Clark Foundation zilianzisha shirika la kusimamia ugawaji wake bure, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi tano za kwanza kuipokea, pamoja na Moroko, Ghana, Mali na Vietnam. Ugawaji ulianza mwaka 1999.

Mnakumbuka fimbo ile yenye alama? Mtoto alisimamishwa kando yake na urefu wake ndio ulioamua kipimo cha dawa, kwa sababu mizani ni nzito kubeba na fimbo haiharibiki. Watoto wachanga chini ya miezi sita waliendelea na dawa ya mafuta. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wanakijiji wenzetu waliochaguliwa na vijiji vyenyewe, wakapewa mafunzo, wakapita kaya kwa kaya na daftari. Wao ndio waliojua nani amekwenda shamba la mbali, nani amehamia na ng'ombe, na mtoto gani amefichwa chumbani kwa kuogopa dawa. Hakuna mtaalamu wa kutoka nje angeyajua hayo.

Matokeo yalikuja haraka, lakini yalileta na fundisho. Katika kijiji cha Maindi watu karibu wote walitibiwa kwa pamoja na kufuatiliwa. Ndani ya miezi miwili maambukizo yalishuka sana. Kisha, polepole, yakaanza kujitokeza tena. Tukilinganisha na Kahe Mpya, kitongoji cha Rombo mkoani Kilimanjaro, huko ugawaji wa namna hiyo na ufuatiliaji wa miaka miwili ulikaribia kuwafuta bakteria kabisa. Tofauti ni kwamba Rombo walianza na mzigo mdogo. Sisi tulianza na mzigo mkubwa, na penye moto mkubwa kaa moja lililosahaulika hutosha kuwasha upya.

Watu wengine walidhani njia ya mkato ingekuwa kuua nzi. Hilo nalo lilijaribiwa kwetu. Baada ya kugawa dawa, maeneo mengine yalipuliziwa dawa ya wadudu kwa bidii na mengine hayakupuliziwa. Nzi walipungua, lakini trakoma haikupungua zaidi ya pale dawa ya kumeza ilipokwisha kuipunguza. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Ilikuwa habari ya kukatisha tamaa kwa waliotaka jambo jepesi, ila ilituokolea fedha. Kujua kisichofaa nako ni mafanikio.

Kwa hiyo ikabaki kazi ya kurudia: dawa mwaka baada ya mwaka, kipimo mwaka baada ya mwaka, na nyumbani, uso safi kila siku. Ugonjwa uliokuwa kwa zaidi ya nusu ya watoto wadogo mwaka 1986 ulishuka, miongo miwili na zaidi baadaye, hadi kuwa wa wachache. Vijana wa leo wa Mlali, Hogoro, Sagara au Pandambili wanaona macho mazima ya wadogo zao kama jambo la kawaida. Bibi zao hawakuwa na kawaida hiyo.

BIBI ZETU

Dawa na maji humsaidia mtoto. Kwa yule ambaye kope zimekwisha kugeuka, tiba ni upasuaji mdogo wa kikope. Unafanywa kwa ganzi, hauhitaji kulazwa kwa muda mrefu, na muuguzi aliyefunzwa vizuri anaweza kuufanya katika kituo cha afya. Mwenye kope zilizogeuka akifanyiwa mapema, macho yaliyobaki huokolewa.

Pamoja na hayo, watafiti walipowafuatilia wanawake wa Kongwa waliokutwa na tatizo hili, waligundua kwamba baada ya miaka kadhaa ni wachache tu waliokuwa wamefanyiwa upasuaji. Walipoulizwa, sababu zao zilikuwa za nyumbani kabisa. Hakuna wa kunisindikiza. Hakuna wa kubaki na wajukuu. Nauli sina. Ni wakati wa palizi. Hata pale upasuaji unapofanywa bila malipo, safari ya kuufikia si ya bure, na mama mzee asiyeona vizuri hawezi kupanda gari peke yake na kurudi na bandeji usoni.

Hapa tuwe wakweli. Mashirika mengi yamelipia dawa, vifaa vya upasuaji na mafunzo ya wauguzi. Vitu hivyo vinahesabika na vinapendeza katika taarifa. Nauli ya bibi na posho ya mjukuu wa kumsindikiza ni vitu vidogo mno kuonekana kutoka Baltimore au London. Ila kutoka Dar es Salaam, kwa mtoto wake mwenyewe, vinaonekana vizuri sana.

TULIPO SASA

Ili nchi itangazwe kuwa imeondokana na trakoma kama tatizo la afya ya jamii, Shirika la Afya Duniani linataka dalili za ugonjwa zionekane kwa watoto chini ya 5 katika kila 100 wenye umri wa mwaka 1 hadi 9, katika kila wilaya iliyokuwa na ugonjwa, na wenye kope zilizogeuka ambao hawajahudumiwa wawe wachache mno. Moroko ilifika mwaka 2016. Ghana ilifika mwaka 2018, Gambia 2021, na jirani zetu Malawi 2022. Moroko na Ghana tulianza nazo pamoja katika ugawaji wa dawa. Walipofika wao, Tanzania ilikuwa bado na wilaya zinazopambana, nyingi zikiwa za nchi kavu na za wafugaji. Lengo la dunia lilikuwa mwaka 2020. Halikufikiwa, likasogezwa hadi 2030.

Wakati huohuo mifuko ya nje inayumba. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, ikiwamo iliyokuwa ikisaidia kingatiba ya magonjwa kama haya katika nchi nyingi, ya kwetu ikiwa mojawapo. Dawa yenyewe hutolewa na kampuni, lakini kuifikisha hadi kijijini, kufundisha wagawaji na kupima watoto kunahitaji fedha. Hatusemi haya kwa kunung'unika. Aliyekusaidia kwa miaka arobaini unamshukuru. Tunasema ili tujue kwamba swali la nani atamalizia kazi hii limefika mlangoni kwetu.

MCHANGO WETU UENDE WAPI

Historia hii inatupa kipimo. Karanga zilishindwa zikiwa na pauni milioni 36 kwa sababu hakuna aliyeuliza wenyeji kuhusu maji. Lita moja ilifaulu bila mashine yoyote kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekaa akasikiliza mama anavyogawa ndoo yake. Chama chetu kina faida ambayo mgeni hana: hatuhitaji mkalimani, wala hatuhitaji mtu wa kutuonyesha njia ya kwenda kisimani. Tukiwa na faida hiyo kisha tukatumia fedha kwa namna ya watu wa karanga, tutakuwa tumejidhulumu wenyewe.

Kwa hiyo tunawaombeni wanachama, mnapoandika ahadi zenu, mtazame mambo matatu ambayo historia imeonyesha kuwa ndiyo mapengo.

La kwanza ni maji shuleni. Tanki la kuvunia maji ya mvua kwenye paa la shule ya msingi, pamoja na vibuyu chirizi vilivyofungwa na wanafunzi wenyewe nje ya madarasa na karibu na vyoo, hufanya kunawa uso kuwe desturi ya watoto wote kwa mara moja. Mtoto huibeba desturi hiyo hadi nyumbani kwa wadogo zake ambao hawajaanza shule, na hao ndio wanaougua zaidi.

La pili ni matengenezo. Wengi wetu tumeona pampu iliyozinduliwa kwa ngoma na ikanyamaza kwa kukosa kipuri. Kuzindua kunapigwa picha, kutengeneza hakupigwi. Tuwe chama kinachopenda kipuri. Sehemu ya kila mchango wa maji itengwe kwa ajili ya fundi na vifaa vya miaka inayofuata.

La tatu ni safari ya bibi. Nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, na chakula cha siku hizo. Wahudumu wa afya wa vijiji wanawajua wahusika kwa majina. Kila familia iliyoko mjini ianze na ya kwao: piga simu nyumbani, uliza kama mama mkubwa bado anang'oa kope kwa kibano. Kama anang'oa, kazi yako ya kwanza umekwisha kuipata kabla ya kufikia mfuko wa chama.

Na katika taarifa ya mwaka ujao, tuombe kamati isitueleze tu matanki yaliyojengwa. Ieleze ni matanki mangapi yalikuwa bado na maji mwezi Oktoba, kiangazi kikiwa kimeshika, na ni akina mama wangapi waliokwenda kupasuliwa wakarudi wakiona. Kongwa ilijifunza kuhesabu mwaka 1986. Tusiache kuhesabu sasa.

Wataalamu waliokuja kwetu walifanya sehemu yao, na wanastahili shukrani. Wagawa dawa waliopita na fimbo na daftari juani walifanya sehemu yao, na mara nyingi hatukuwashukuru. Akina mama walifanya sehemu yao kila asubuhi, kwa kata moja ya maji. Sehemu iliyobaki ni ndogo kuliko zote hizo. Fomu ya ahadi imeambatanishwa na kijarida hiki. Tunaomba ijazwe na irudishwe kwa mwakilishi wa tawi lako kabla mvua hazijaanza, ili matanki yapate cha kuvuna.